Namna ya Kupima Ukweli wa Tangazo la Jakuzi Kabla ya Kulipa

Majira ya baridi ya kwanza baada ya kununua jakuzi, kila siku saa moja asubuhi nilikuwa nikiingia gereji nikiwa na daftari na kalamu, nikasoma kipimo kidogo cha umeme nilichokuwa nimekichomeka kati ya plagi ya jakuzi na soketi ya ukutani. Tangazo lililonishawishi lilisema kwa maandishi makubwa kwamba gharama ya umeme ni "kuanzia pauni 1 kwa siku". Baada ya siku 7 kipimo kilionyesha uniti 81, yaani uniti 11 na nusu hivi kwa siku, na kwa bei ya peni 25 kwa uniti niliyokuwa nikilipa wakati huo, hiyo ilikuwa karibu pauni 2 na peni 90 kila siku. Nilipompigia simu muuzaji alinijibu kwa upole kwamba kiasi kile kilipimwa majira ya joto, mfuniko ukiwa umefungwa, bila mtu yeyote kuingia majini. Katika hayo yote, tangazo halikuwa limetaja hata moja.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya wasemaji wenzangu wa Kiswahili wanaoishi Uingereza, ambako mabeseni haya makubwa ya maji moto huuzwa kila mahali, kuanzia maduka ya bustani hadi kwenye maonyesho ya mwisho wa juma, na ambako wengi wetu huyanunua kwa ajili ya nyumba zetu au nyumba ndogo tunazokodisha kwa wageni. Bei yake ni ya maelfu ya pauni, na mnunuzi wa kawaida hajawahi kumiliki kitu cha namna hiyo, kwa hiyo karibu kila anachokijua amekisoma kwenye tangazo la anayetaka kumuuzia. Hata jina lenyewe lataka uangalifu. Sisi katika mazungumzo huita kila beseni la aina hii jakuzi, na hakuna ubaya, lakini Jacuzzi ni chapa ya kampuni moja, na muuzaji anapoliandika jina hilo kwenye tangazo anakuwa ametoa dai kuhusu nani aliyetengeneza bidhaa. Swali lako la kwanza liwe hilo: ni nani aliyeitengeneza, na modeli yake inaitwaje hasa?

Hifadhi tangazo kabla hujauliza lolote

Piga picha ya skrini ya ukurasa mzima, pamoja na maandishi madogo ya chini kabisa, tarehe ikionekana. Kipeperushi ulichopewa dukani usikitupe. Ukiambiwa jambo la maana kwa mdomo, kwa mfano kwamba maji hupata moto kwa saa tatu, liandike siku hiyo hiyo, kisha umtumie muuzaji barua pepe fupi ukimwomba athibitishe kwamba ndivyo alivyosema. Ukurasa wa mtandaoni waweza kubadilishwa usiku mmoja, na ule ulioniuzia mimi ulibadilishwa. Kilichonisaidia ni kwamba siku chache kabla ya kununua nilikuwa nimemtumia mke wangu picha ya tangazo lile kwa WhatsApp nikimwomba ushauri, na picha ile ilikuwa bado ipo kwenye simu yake.

Ukishahifadhi, lisome tangazo ukiwa na kalamu mkononi na utenganishe sifa na madai. "Starehe isiyo na kifani" ni sifa tu. Hakuna anayeweza kuipima, na kanuni za matangazo za Uingereza zinaruhusu kutia chumvi kunakoonekana wazi kuwa ni kutia chumvi. Lakini tangazo likitaja namba, likijilinganisha na bidhaa nyingine, likiahidi muda fulani au likitaja ugonjwa, hapo limetoa dai, na dai lina masharti yake. Kanuni ya 3.7 ya matangazo yasiyo ya redio na televisheni inamtaka mtangazaji awe na ushahidi wa maandishi kabla hajalitoa tangazo, kwa kila jambo ambalo mnunuzi atalichukua kuwa ni ukweli unaopimika. Neno zito hapo ni "kabla". Muuzaji anayesema atawauliza watengenezaji ndipo akuletee jibu amekwisha kukueleza kwamba alitangaza asichokijua.

Msimamizi wa kanuni hizo ni Mamlaka ya Viwango vya Matangazo, ambayo watu huiita ASA. Ilianzishwa mwaka 1962, na tangu tarehe 1 Machi 2011 inashughulikia pia yale ambayo wauzaji wanajiandikia kwenye tovuti zao wenyewe na kwenye kurasa zao za mitandao ya kijamii. Ni kweli kwamba kanuni inamlazimu muuzaji auonyeshe ushahidi wake kwa ASA na si kwako. Hata hivyo, muuzaji mwenye karatasi ya vipimo hana sababu ya kuificha, na kwa uzoefu wangu wale walio nayo huitoa kwa furaha.

Gharama ya umeme

Hapa ndipo wanunuzi wengi huumia, na hapa ndipo hesabu kidogo ya mezani inaweza kukuokoa. Uniti moja ya umeme, ile ile tunayoijua kutoka kwenye LUKU au tokeni za nyumbani, ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Ili kujua ni uniti ngapi zinahitajika kupasha maji moto, zidisha lita za maji kwa nyuzi unazotaka kuongeza, kisha gawanya kwa 860. Jakuzi ya lita 1,100 iliyojazwa maji ya bomba yenye nyuzi 10, ikitakiwa kufika nyuzi 38, inahitaji kuongezewa nyuzi 28. Lita 1,100 mara 28 ni 30,800, na ukigawanya kwa 860 unapata uniti 36 hivi. Kwa peni 25 kwa uniti, hiyo ni takriban pauni 9 kwa kujaza mara moja, hata kabla joto halijaanza kupotea.

Hesabu hiyo hiyo inakuonyesha muda. Soketi ya kawaida ya nyumba ya Uingereza inatoa ampea 13 kwa volti 230, yaani chini kidogo ya kilowati 3, na hita za jakuzi za kuchomeka kwenye soketi hiyo mara nyingi ni za kilowati 2 hivi. Uniti 36 kwa hita ya kilowati 2 ni saa 18. Kwa hiyo tangazo likisema kwamba jakuzi ya ukubwa huo, ya kuchomeka kwenye soketi ya kawaida, hupata moto kwa saa tatu, huhitaji kubishana na mtu: ingehitaji hita ya kilowati 12, na soketi ile haiwezi kutoa hata robo ya hizo.

Sasa njoo kwenye dai la gharama kwa siku. Pauni 1 kwa peni 25 ni uniti 4. Muulize muuzaji maswali haya kwa maandishi. Uniti hizo 4 zilipimwa hewa ya nje ikiwa na nyuzi ngapi? Maji yalikuwa na nyuzi ngapi? Mfuniko ulifunguliwa kwa dakika ngapi kwa siku, na pampu za jeti, yaani matundu yanayorusha maji kwa nguvu, zilifanya kazi kwa muda gani? Bei ya uniti iliyotumika katika hesabu ni ipi, na ya mwaka gani? Lile neno "kuanzia" halimpi ruhusa ya kuchagua siku moja nzuri ya mwezi Julai. Kanuni zinakataza "kuanzia" na "hadi" zinazokuza faida ambayo mnunuzi wa kawaida anaweza kuitarajia, na mazingira yaliyoiwezesha namba hiyo yanapaswa kuonekana wazi karibu na dai lenyewe, si kwenye ukurasa wa nne.

Kipo kigezo kimoja kizuri cha kulinganishia ambacho wauzaji wachache hukitaja. Jimbo la California nchini Marekani limeweka kikomo cha umeme unaotumiwa na jakuzi ikiwa imetulia na mfuniko umefungwa, na jakuzi zinazouzwa huko hubandikwa lebo yenye kiasi cha wati hizo. Modeli nyingi zinazouzwa Uingereza hutoka kwa watengenezaji ambao huuza pia California, kwa hiyo uliza kama modeli unayoitaka ina lebo hiyo na uombe picha yake. Tuseme inasema wati 200. Zidisha kwa saa 24 upate uniti 4.8, ambazo kwa peni 25 ni pauni 1 na peni 20 kwa siku. Kumbuka, hata hivyo, kwamba kipimo hicho hufanywa hewa ikiwa na nyuzi kati ya 15 na 16. Usiku wa Januari hapa hewa ikishuka hadi nyuzi 4, tofauti kati ya maji na hewa huongezeka kwa nusu yake, na joto linalopotea huongezeka kwa kiwango kama hicho, kwa hiyo jakuzi ile ile itakula uniti 7 na zaidi, na bado hujaingia majini. Ukiingia na kuwasha jeti, pampu huchanganya maji na hewa ya baridi na joto hukimbia kwa kasi zaidi. Ndivyo nilivyofika kwenye uniti zangu 11 na nusu, na wala jakuzi yenyewe si mbovu. Kibovu kilikuwa tangazo.

Kama umekwisha kununua na unataka kuupima ukweli wa dai la kuhifadhi joto, zima jakuzi saa tatu usiku na mfuniko ukiwa umefungwa, andika joto la maji, kisha upime tena saa moja asubuhi. Ikiwa jakuzi ya lita 1,100 imepoteza nyuzi 2 kwa saa hizo 10, zidisha 1,100 kwa 2 na ugawanye kwa 860: imepoteza uniti 2.6 hivi, yaani kama uniti 6 kwa siku nzima. Andika na joto la nje la usiku huo, kwa sababu bila hilo namba yako nayo itakuwa na kasoro ile ile unayomlaumu nayo muuzaji. Usifanye jaribio hili usiku wa barafu.

Nguvu za pampu, idadi ya jeti, idadi ya viti

Wauzaji hupenda kutaja nguvu-farasi. Nguvu-farasi moja ni wati 746. Soketi ya ampea 13 inatoa wati 2,990 kwa jumla, ambazo ni sawa na nguvu-farasi 4 tu, na hapo ni kama hita, taa na mtambo wa kudhibiti havitumii chochote. Tangazo linaloahidi pampu mbili za nguvu-farasi 3 kila moja kwenye jakuzi ya kuchomeka soketi ya kawaida linaahidi 6 ndani ya 4. Mara nyingi namba hiyo kubwa ni ya kilele cha sekunde chache mota inapoanza kuzunguka. Njia ya kuujua ukweli ni kumwomba muuzaji afungue kibao cha ubavuni na akuonyeshe kibandiko cha mota. Tafuta ampea. Ukikuta 6.5, zidisha kwa 230 upate wati 1,495, kisha gawanya kwa 746: mota hiyo inavuta umeme wa nguvu-farasi 2, haidhuru kipeperushi kimesema nini.

Uliza pia kama hita na pampu za jeti zinafanya kazi kwa wakati mmoja. Kwenye jakuzi nyingi za ampea 13 hita hujizima pampu kubwa inapowaka, kwa sababu umeme hautoshi kuviendesha vyote viwili, na hivyo maji hupoa taratibu wakati ule ule unapoyafurahia. Modeli inayohitaji ampea 32 haina tatizo hilo, lakini inadai waya wake maalumu na fundi umeme mwenye sifa, na gharama hiyo si ndogo. Muuzaji aliyetaja wepesi wa kuchomeka tu bila kutaja kwamba maji yatapoa ameacha jambo ambalo mnunuzi alihitaji kulijua ili aamue, na kuacha jambo kama hilo ni upotoshaji sawa na kusema uongo.

Kuhusu jeti, idadi peke yake haina maana kubwa, kwani pampu moja ikigawiwa matundu 60 kila tundu hupata maji kidogo. Kuhusu viti, nenda dukani na familia, vueni viatu, muingie ndani ya jakuzi kavu na mkae. Tangazo liliposema watu sita, huenda mmoja wao alikuwa amehesabiwa kwenye kona isiyo na hata jeti moja.

Bei na mapunguzo

Bei iliyokatwa kwa mstari mwekundu ni dai kama madai mengine. Inasema kwamba bidhaa hii iliwahi kuuzwa kwa bei ile ya juu, kwa kweli na kwa muda wa maana. Ili kulipima, fungua kumbukumbu za kurasa za zamani za tovuti zinazohifadhiwa na Internet Archive, weka anwani ya ukurasa wa jakuzi hiyo, na uangalie bei ya miezi mitatu, sita, na kumi na miwili iliyopita. Niliwahi kumfanyia hivyo rafiki yangu aliyekuwa amevutiwa na punguzo la pauni 3,000. Katika kila nakala tuliyoipata, bei ya chini ilikuwa ile ile na mstari mwekundu ulikuwa pale pale. Basi punguzo halikuwapo. Ikiwa bei ya juu ni ile inayoitwa bei iliyopendekezwa na mtengenezaji, tafuta kama lipo duka lolote linaloiuza kwa bei hiyo. Kama halipo, ulinganisho huo unapotosha.

Sheria ya Masoko ya Kidijitali, Ushindani na Watumiaji ya mwaka 2024, ambayo sehemu yake ya kuwalinda watumiaji ilianza kutumika tarehe 6 Aprili 2025, imeorodhesha mambo ambayo mfanyabiashara hawezi kuyafanya kwa hali yoyote. Kusema kwa uongo kwamba ofa inaisha leo usiku ni mojawapo, na saa ya kuhesabu kurudi nyuma inayoanza upya kila unapoufungua ukurasa ni uongo wa aina hiyo. Kusema duka linafungwa ilhali halifungwi ni jambo jingine. La tatu, ambalo wengi hawalitambui, ni kukupa haki uliyopewa na sheria kana kwamba ni zawadi ya duka: "Tunakuhakikishia kurudisha jakuzi ikija na hitilafu" ni sentensi nzuri masikioni, lakini haki hiyo unayo kwa kila bidhaa unayonunua katika duka lolote nchini. Vivyo hivyo neno "bure". Mfuniko ambao jakuzi haiuzwi bila huo umo ndani ya bei, na kuuita wa bure si kweli.

Sheria hiyo inataka pia bei ya jumla ionekane tangu mwanzo, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo hapa ni asilimia 20, na kila ada isiyoepukika. Omba bei moja ya mwisho yenye usafirishaji, kuifikisha bustanini, kuiunganisha na umeme na dawa za maji za kuanzia. Kama njia ya pembeni ya nyumba yako ni nyembamba itabidi kreni iipitishe juu ya paa, na gharama ya kreni ni yako. Muuzaji mwaminifu atakuuliza upana wa njia hiyo kabla hajapokea amana.

Madai ya afya, na maji "yasiyo na kemikali"

Dada yangu mkubwa ana baridi yabisi ya miaka mingi. Nilipokuwa nikitafuta jakuzi alinisomea kwenye simu tangazo lililodai kwamba maji moto ya jeti hutibu baridi yabisi, hushusha presha na kuondoa kisukari, akaniuliza kama akinunua ndogo ataweza kuacha vidonge. Swali lile ndilo lililonifanya nianze kuyachukulia matangazo haya kwa uzito, kwa sababu pale hasara isingekuwa ya fedha.

Uhusiano wa jakuzi na maumivu ya viungo si wa kubuni. Katikati ya karne ya ishirini ndugu wa familia ya Jacuzzi, wahamiaji kutoka Italia waliokuwa wakitengeneza pampu California, walitengeneza pampu ya kuwekwa kwenye beseni la kuogea kwa ajili ya mtoto wa Candido Jacuzzi, aliyekuwa na baridi yabisi ya utotoni. Maji ya moto hutuliza misuli na kumpa mgonjwa nafuu kwa muda, na muuzaji anayesema hivyo hajakosea. Kutoka hapo hadi kusema kwamba yanatibu ni hatua kubwa sana. Dai la kutibu ugonjwa linahitaji ushahidi wa kitabibu wa tafiti zilizofanywa kwa watu, barua za wateja wenye furaha hazitoshi, na sheria inakataza moja kwa moja kudai kwa uongo kwamba bidhaa inaponya maradhi. Kanuni za matangazo zinakataza pia lolote linaloweza kumfanya mtu aache matibabu anayoyahitaji. Ukiliona tangazo la namna hiyo, lilalamikie hata kama huna nia ya kununua. Na mwenye presha, ugonjwa wa moyo au ujauzito amuulize daktari wake kabla ya kukaa katika maji ya nyuzi 38 hadi 40. Dada anaendelea na vidonge vyake.

Dai jingine ambalo nalichukia kwa dhati ni la maji "yasiyo na kemikali", linaloambatana na kifaa cha ozoni au cha mwanga wa urujuanimno. Vifaa hivyo vina kazi yake, lakini huua vijidudu pale tu maji yanapovipitia. Mwanga hauachi chochote majini, na ozoni huvunjika upesi, kwa hiyo mtu anapokaa ndani na jasho lake hakuna kinga iliyobaki ndani ya maji hayo. Ndiyo maana klorini au bromini bado huhitajika, hata kama ni kwa kiasi kidogo zaidi, na muuzaji anayefahamu kazi yake atasema "kemikali kidogo zaidi" na kukueleza ni kidogo kiasi gani. Hatari ya maji yasiyo na kinga ina kumbukumbu ya karibu na ya uchungu: mwaka 2012 mjini Stoke-on-Trent, jakuzi iliyokuwa imewekwa dukani kwa maonyesho tu ilieneza bakteria wa Legionella kwa mvuke wake, wateja waliopita karibu nayo wakaugua nimonia, na wawili kati yao wakafariki. Hawakuwa wameingia majini. Mwaka 2017 mahakama iliitoza kampuni yenye duka hilo faini ya pauni milioni 1. Ukikodisha nyumba yenye jakuzi kwa wageni, wajibu huo wa kutunza maji unakuwa wako, na sentensi ya muuzaji haitakukinga.

Dhamana, nembo na maoni ya wateja

Kwa "dhamana ya miaka 10" uliza ni ya sehemu gani. Mara nyingi ni ya ganda tu, ambalo ni nadra kuharibika, huku pampu, hita na mtambo wa kudhibiti vikiwa na mwaka mmoja au miwili, na gharama ya fundi kuja nyumbani ikiwa juu yako. Soma hati yenyewe kabla ya kulipa. Muuzaji akionyesha nembo ya BISHTA, chama cha wafanyabiashara wa jakuzi wa Uingereza na Ayalandi, fungua orodha ya wanachama ya chama hicho na utafute jina la duka, kwa maana kuonyesha nembo bila idhini ni miongoni mwa yale yaliyokatazwa kabisa. Akisema jakuzi imetengenezwa Uingereza, muulize ni kipi kilichofanyika hapa: kuunda ganda, au kuunganisha tu vipande vilivyotoka nje. Maoni ya kubuni ya wateja nayo yamepigwa marufuku na sheria ile ya 2024.

Barua ya kumwandikia muuzaji

Iandike kwa Kiingereza, iwe fupi, isiwe na hasira, na maudhui yake yawe kama haya:

"Ndugu Mkurugenzi, ninakusudia kununua modeli (taja jina) niliyoiona katika tangazo lenu la tarehe (taja), ambalo nakala yake nimeambatisha. Tangazo linasema kwamba gharama ya umeme ni kuanzia pauni 1 kwa siku. Naomba mnijulishe kipimo hiki kilifanywa na nani, joto la nje na la maji lilikuwa nyuzi ngapi, mfuniko ulifunguliwa kwa muda gani, na bei ya uniti iliyotumika. Naomba pia nakala ya ripoti ya kipimo. Uamuzi wangu wa kununua utategemea majibu haya."

Ile sentensi ya mwisho isiachwe. Inaonyesha kwamba ulilitegemea dai hilo uliponunua, na baadaye mambo yakiharibika, barua hiyo itakuwa na uzito kuliko malalamiko yoyote ya simu.

Kama tayari umedanganywa

Kwa tangazo lenyewe, peleka malalamiko ASA kupitia fomu yao ya mtandaoni. Hakuna malipo, na malalamiko ya mtu mmoja yanatosha. Usikawie, ambatisha picha ya skrini, na ueleze dai moja moja na kwa nini unaona si kweli. ASA haitozi faini wala haikurudishii fedha. Kazi yake ni kuliondoa au kulirekebisha tangazo, na maamuzi yake huchapishwa hadharani kila Jumatano. Kwa mfanyabiashara anayekaidi, suala linaweza kufikishwa Trading Standards, maofisa wa serikali za mitaa wanaosimamia sheria za biashara. Nayo Mamlaka ya Ushindani na Masoko ina uwezo wa kutoza faini ya hadi asilimia 10 ya mauzo ya kampuni duniani kote. Kwa walioko England na Wales, mlango wa kufikia Trading Standards ni huduma ya watumiaji ya Citizens Advice.

Fedha zako zina njia nyingine. Ukinunua kwa mtandao au simu, unaweza kuvunja mkataba ndani ya siku 14 baada ya kupokea jakuzi, bila kutoa sababu, ila ukiijaza maji na kuitumia muuzaji anaweza kukukata fedha kwa kuishusha thamani. Ukiwa umenunua popote, na jakuzi hailingani na ilivyoelezwa, Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kuikataa na kurudishiwa fedha zote. Ikiwa ulilipa hata sehemu ya bei kwa kadi ya mkopo, na bei ya jakuzi inazidi pauni 100 lakini haizidi 30,000, kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Watumiaji ya mwaka 1974 kinaifanya benki iwajibike pamoja na muuzaji, hata kwa maelezo ya uongo aliyokupa kabla ya kununua. Na hii ndiyo sababu mimi humshauri kila mtu alipe japo amana kwa kadi hiyo.

Ukiamua kuikataa, sema hivyo kwa maandishi kwa neno lisilo na utata, taja tarehe uliyoipokea, kisha ifunge mfuniko na uache kuitumia. Zile siku 30 huhesabiwa pamoja na Jumamosi na Jumapili.